Wakuu, nina nchi 23 kichwani, nianzeje kuwasimulia vijana?

Mpishi wa Melini: Habarini wakuu. Niko Mikindani. Nimefanya kazi melini miaka 11, jikoni. Singapore, Santos, Rotterdam, Durban, na Suez sina idadi. Sasa vijana wa mtaani wanataka Jumamosi niwasimulie. Sijawahi kusimama mbele za watu. Nianzie wapi? Usiku silali.

Bibi Tandahimba: Mwanangu, anza na dua, mengine yatajileta. Marehemu mume wangu alivuka Ruvuma kwa mtumbwi hadi Palma mara moja tu, akasimulia miaka thelathini. Kila mwaka mamba anaongezeka urefu.

Kichwa Ngumu: Simulizi ndiyo inakunyima usingizi? Hapo kuna hela. Sema.

Mpishi wa Melini: Ipo kidogo. Vijana 14, kila mmoja elfu hamsini. Mpwa wangu ndiye aliyekusanya.

Kichwa Ngumu: Laki saba ya hadithi?

Mpishi wa Melini: Ya semina, mkuu. Huenda mpwa aliwaambia nitawaunganisha na meli. Mimi sikutamka. Na hela nimeshanunulia salfa, mikorosho haimsubiri mtu. Wakikosa subira nitawarudishia Oktoba, minada ikianza. Sioni kosa.

Nanga Kavu: Kosa lipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Cha kwake ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti, basi. Wapeleke wakasomee usalama melini kwanza. Mie wakati wangu, Tanga…

Shangani Mtupu: Wakuu, hii chai, tena ya rangi. Salfa si ya ruzuku siku hizi? Na wewe baharia, mfereji wa Suez mlipita mageti mangapi ya kupandishia meli?

Mpishi wa Melini: Ruzuku ni ya aliyeandikishwa. Wenzangu wanaandikishwa, mimi niko majini. Na Suez haina geti hata moja, mageti yako Panama. Suez mnatia nanga, mnasubiri msafara wenu, wanapanda watu wa kufunga kamba na vinyago vyao vya kuuza, mimi naongeza sahani. Kilomita 193, nilichoona ni mchanga kwenye kidirisha cha jikoni. Na nisiwafiche: kati ya hizo 23, nilizokanyaga ni 9. Meli ya makontena haikai. Santos nimefika mara nne, naijua harufu tu.

Shangani Mtupu: Google naye anayajua hayo, na hata Ndanda hajafika.

Bibi Tandahimba: Mwanangu, salfa ulinunua mfuko shilingi ngapi?

Mdogo Mtu: Mkuu, kaka yangu ni mmoja wa hao 14. Kauza baiskeli. Jumamosi nakuja naye. Chai usipike.