Chama kidogo: kuachiana majimbo au kusimamisha wagombea kila mahali?

Mwanakinondoni
Wakuu, naomba wanaojua sheria na hesabu za uchaguzi. Chukulia chama chenye wafuasi kama asilimia 7, waliosambaa nchi nzima. Kikiungana na wenzake wakaachiana majimbo kinapata nini, na kinapoteza nini? Na tukihamia uwiano wa kura, yaani viti vigawanywe kulingana na asilimia ya kura, kina uhakika wa viti?

Kura Halali
Mkuu, jimbo anachukua mwenye kura nyingi, hata zikiwa asilimia 35 tu. Kwa hiyo 7 zilizosambaa hazikupi jimbo hata moja. Uingereza 2024 Reform UK walipata asilimia 14.3 wakaambulia viti 5. Liberal Democrats, kwa asilimia 12.2, walipata 72, kwa sababu kura zao zilirundikana kwenye majimbo waliyoyalenga. Hapo kuachiana kuna mantiki: unakusanya nguvu unakoweza kushinda.

Hasara iko kwenye viti maalum, vile vya wanawake vinavyogawiwa vyama kwa kura zao, na viongozi wengi wanaikumbuka wameshasaini. Kwa Ibara ya 78 ya Katiba ya Tanzania, chama lazima kifikishe asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Hakuna karatasi ya pekee ya viti maalum. Zinajumlishwa kura za wagombea wako wa majimboni. Jimbo uliloachia linakuingizia sifuri, na wafuasi wako wanamjazia mwenzako hesabu yake, kwa kuwa muungano hauna jina kwenye karatasi ya kura, kila mgombea anasimama kwa chama chake. Ukiachia nusu ya majimbo, nusu iliyobaki unahitaji wastani wa asilimia 10 ili ufike 5. Mwaka 2015 ndani ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, NCCR-Mageuzi ilishinda jimbo la Vunjo, lakini viti maalum viligawanwa na CCM, Chadema na CUF pekee.

Mama Tabata
Naongezea la jimbo la Segerea, 2015 hiyohiyo. Chadema na CUF, wote wa UKAWA, walisimamisha mgombea kila mmoja, kura zikagawanyika, CCM ikachukua jimbo. Makubaliano yaishe kabla ya siku ya uteuzi, jimbo kwa jimbo, kwa maandishi, na kamati za kata zishirikishwe. Karatasi zikishachapwa, tamko la kumuunga mkono mwenzako haliondoi jina lako, na kura zitakazoangukia hapo zimekwenda bure.

Pwani_Kusini
Kuhusu uwiano: uhakika haupo mpaka ujue viti vingapi kwa eneo, kizingiti (asilimia ya chini ya kura ya kupata kiti) kiasi gani, na hesabu ipi ya kugawa. Mfano wa kubuni: Dar es Salaam iwe eneo moja lenye viti 10, kura 1,000,000. Chama A 490,000, B 300,000, C 140,000, D 70,000.

Hesabu ya masalio makubwa: kura 100,000 ni kiti kimoja. A inapata 4, B 3, C 1, D 0. Vimebaki viwili, vinakwenda kwa wenye masalio makubwa, A (90,000) na D (70,000). Jumla 5, 3, 1, 1.

Hesabu ya D'Hondt: kura za kila chama unazigawa kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kisha unachukua matokeo 10 makubwa. La sita la A ni 81,667, na D ana 70,000. Inakuwa 6, 3, 1, 0. Kura ni zilezile, D ametoka mikono mitupu. Ndiyo maana nasisitiza: anayedai uwiano adai na kanuni ya kugawa, iandikwe kwenye sheria.

Kizingiti nacho kinaua. Ujerumani 2025, chama cha BSW kilipata asilimia 4.98, chini kidogo ya 5, kikakosa kiti hata kimoja bungeni. Afrika Kusini haina kizingiti: 2024 vyama 18 viliingia kwenye viti 400, na ANC yenye 159 ikalazimika kutafuta washirika. Hapo chama kidogo kina cha kudai mezani.

Mwanakinondoni
Shukrani sana. Na mseto, majimbo pamoja na orodha?

Kura Halali
Lesotho waliuchukua baada ya 1998, chama cha LCD kilipozoa viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Wakaweka majimbo 80 na viti 40 vya fidia kwa waliopunjika. Mwaka 2007 ukachezewa: mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, LCD ikachukua majimbo 61, na kwenye orodha wafuasi wake wakaipigia mshirika wake NIP, iliyopata 21 kati ya vile 40. Viti vya fidia vikaenda kambi isiyopunjika. Kufikia 2012 walihamia karatasi moja: kura ya mgombea wa jimbo ndiyo inayohesabiwa pia kwa chama chake.

Mama Tabata
Zanzibar pia ipo njia, ila ya serikalini: tangu 2010 chama cha pili kikifikisha asilimia 10 ya kura za urais kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. ACT-Wazalendo iliingia hivyo 2020. Baada ya marudio ya 2016, CUF iliposusia, hakuna wa pili aliyefika 10, nafasi ikakaa wazi.