Amikasini ndani ya chembe za mafuta: je, usugu wa bakteria unavunjika?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Tumefundishwa kwamba amikasini, antibiotiki ya siku nyingi inayotolewa kwa sindano, sasa hufungwa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta ziitwazo liposomu, kisha mgonjwa akaivuta kwa pumzi hadi mapafuni. Ikiwa dawa iliyomo ni ileile, chembe hizo zinaongeza nini? Na je, zinaweza kumtibu mtu ambaye bakteria wake wamekwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo?

Jibu la kwanza

Ndugu, kinachobadilika ni mahali dawa inapofika. Bakteria wa kundi la Mycobacterium avium, ambao ni jamii moja na wale wa kifua kikuu, hujificha ndani ya makrofaji, yaani seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Amikasini ikiwa peke yake hupenya utando wa seli kwa shida, kwa hiyo hubaki nje ilhali adui yuko ndani. Seli hizohizo, kwa tabia yake ya kumeza, huimeza liposomu yenye kipenyo cha nanomita 300 hivi pamoja na mzigo wake, hata mlango alioingilia bakteria ukawa ndio mlango wa dawa. Kila ninapolifundisha jambo hili hulistaajabia upya. Tena, kwa kuwa dawa huvutwa, inayoingia kwenye damu ni kidogo kuliko ile ya sindano, na hiyo ni nafuu kwa figo na masikio, ingawa hatari haiishi kabisa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila sehemu ya pili ya swali haijajibiwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Arikayce, mwaka 2018, kwa watu wazima ambao makohozi yao yalibaki na bakteria baada ya angalau miezi 6 ya matibabu. Katika jaribio la wagonjwa 336, asilimia 29 ya walioongezewa dawa hiyo walipata makohozi safi kufikia mwezi wa 6, dhidi ya asilimia 9 ya waliobaki na dawa za kawaida pekee. Ni hatua kubwa, lakini wengi bado hawakupona, na wengi walisumbuliwa na kikohozi na sauti kukauka. Zaidi ya hayo, wenye bakteria sugu kwa amikasini hawakuingizwa katika jaribio hilo. Bakteria ambaye ribosomu yake, yaani mtambo wake wa kutengeneza protini ambao amikasini huulenga, imebadilika hata dawa isiweze kuishika hatadhurika, dawa ipite njia yoyote ile.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Basi nilichanganya dawa isiyofika na dawa isiyofanya kazi.

Jibu la tatu

Ndivyo, na kwa mgonjwa mambo hayo mawili hufanana, ndiyo maana kipimo cha usugu kitangulie. Jambo moja la kifamasia: vichupa vyake hutunzwa kwenye jokofu, na nje ya jokofu, katika joto lisilozidi nyuzi 25, havipaswi kupita wiki 4. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu, hilo si jambo dogo.