Kopo la protini, kopo la uzito au chakula cha sokoni: anayeanza achague lipi?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za wakati huu. Nina miaka 23, urefu sentimita 175, uzito kilo 58. Nimekuwa mwembamba tangu utotoni na sasa nimeamua kujenga mwili. Baada ya kodi na nauli nabakiwa na laki na nusu kwa mwezi, mazoezi na msosi wa ziada humo humo. Naona njia tatu. Ya kwanza, ninunue unga wa protini na kupiga tizi nyumbani, pushapu na skwati. Ya pili, lile kopo kubwa la kuongeza uzito, lenye kalori zaidi ya 1,000 kwa kipimo kimoja. Ya tatu, nijiunge na jimu ya mtaani na hela inayobaki iende kwenye chakula. Halafu jamaa wa kazini anasema kuna vidonge vya kufungua hamu ya kula, ndani ya mwezi shavu limejaa. Mngekuwa nyinyi mngeenda na ipi?

Kocha Temeke
Karibu mdogo wangu. Ya tatu, na nitakuonyesha hesabu.

Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako wewe ni gramu 93, tuseme 95. Sasa nenda sokoni na orodha ya mwezi: mayai trei tatu, maziwa lita 15, maharage kilo tatu, dagaa wakavu kilo moja na nusu. Kwa siku inakuwa mayai matatu (gramu 18), maziwa nusu lita (16), maharage gramu 100 kabla ya kupikwa (21), dagaa gramu 50 (30). Hapo una 85 na hujagusa ugali wala wali, ambao nao utakupa 15 au zaidi. Umefika bila kopo.

Dagaa watu wanawadharau, kumbe wana protini nyingi sana kwa uzito wao. Waliokaushwa mchangani wana mchanga unaokwaruza meno, ndiyo maana wengi wanawakimbia. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kila mara ukiwainua kwa mikono na kuacha mchanga chini ya beseni. Usiwamimine pamoja na maji, mchanga utarudi nao. Kisha wakaange mpaka wakauke, ndipo uweke kitunguu, nyanya na ndimu.

Kopo la kuongeza uzito liache kabisa. Soma nyuma ya lebo: sehemu kubwa ni wanga wa kusagwa na sukari. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga unafanya kazi hiyohiyo. Gramu 100 za karanga peke yake zina kalori karibu 570.

Mlinzi wa Doha
Namheshimu kocha, ila mimi natetea unga wa protini. Huku tunalala kambini, zamu ni saa 12, chakula kinaletwa: wali, dengu, kipande kidogo cha kuku. Sina jiko, dagaa nitawapikia wapi? Kijiko kimoja kwenye chupa ya maji kinanipa gramu 24 nikiwa getini. Kopo la kilo mbili na robo lina vijiko 70 na ushei, kwa hiyo kwa vijiko viwili kwa siku linavuka mwezi. Kama mtu hana nafasi ya kupika, asiambiwe anatupa hela.

Kocha Temeke
Mkuu, kwa mazingira yako uko sahihi. Unga ule ni maziwa tu, unatengenezwa kutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Hauna sumu wala uchawi. Ila kijana wetu ana jiko na soko analo mlangoni.

Mla Omena, Nairobi
Kuna wale husema protini ya maharagwe si kamili. Ni kweli ikiliwa peke yake, lakini nani hula maharagwe peke yake? Protini hujengwa na vijenzi vidogo vingi, na mwili unavihitaji vyote. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kiitwacho laisini, maharagwe yanayo tele. Maharagwe yana upungufu wa kingine, methionini, mahindi yanaijazia. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, imekuwa ikifanya hivyo tangu enzi za nyanya zetu. Tumbo likijaa gesi, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Na kama maziwa yanakusumbua, jaribu mtindi, wengi huuvumilia vizuri zaidi.

Sista wa Zamu
Naomba hapa nisikilizwe. Vile vidonge usiviguse. Vinavyouzwa mitaani kwa kunenepesha mara nyingi ni deksamethasoni (dawa kali ya steroidi) au siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula), au vyote pamoja. Deksamethasoni hospitalini tunaitumia kwa sababu maalumu na kwa kipimo. Ukiimeza kiholela, shavu linajaa kweli, lakini yale ni maji na mafuta. Misuli ya mapaja na mabega inaliwa, yaani kinyume kabisa na unachotafuta. Sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, na tezi zilizo juu ya figo zinalala, yaani zinaacha kutengeneza homoni ambayo mwili unaitegemea. Kama kuna msomaji ameshavitumia kwa wiki kadhaa, asiache ghafla peke yake, aende hospitali aachishwe taratibu. Kukatisha kwa ghafla kunaweza kuua.

Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kumuona daktari. Na anayekonda ghafla, au anayekohoa zaidi ya wiki mbili, aanze na vipimo kabla ya jimu.

Kijana wa Mbagala
Asante sana sista, vidonge nimeshavifuta. Kocha, jimu yenyewe ina benchi moja na vyuma vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Inafaa? Au niendelee na pushapu?

Kocha Temeke
Inafaa, misuli haijui kama ni zege au chuma cha dukani. Pima kila kopo kwa mizani kwanza, maana mara nyingi pande mbili hazilingani na bega moja litaumia. Pushapu ni nzuri kuanzia, lakini ukishafika 30 mfululizo utahitaji kuongeza mzigo, hata begi la mchanga mgongoni.

Siku tatu kwa wiki, mwili mzima: kuchuchumaa na chuma begani, kusukuma benchi, kujivuta kwenye bomba, kunyanyua chuma kutoka chini. Seti tatu tatu za kila zoezi, yaani mizunguko mitatu yenye kupumzika katikati, na kila seti marudio 8 hadi 12. Ukifikisha 12 kwenye seti zote bila kuharibu mkao, ongeza kilo mbili na nusu. Andika kwenye daftari, kichwa kinasahau. Usiku lala angalau saa saba. Mizani ikipanda robo kilo kwa wiki, umepatia. Ikipanda kilo nzima kila wiki, sehemu kubwa ni mafuta, punguza karanga.

Binti wa Moro
Na mimi ninayetaka kupunguza tumbo nisipoteze misuli?

Kocha Temeke
Vyuma vilevile, protini ileile dada. Punguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, na anza na soda, chapati na mafuta ya kukaangia. Kujinyima chakula kupita kiasi siku baada ya siku kunakula misuli.

Mwana wa Tanga
Mfungo ukiingia itakuwaje? Nisimamishe?

Kocha Temeke
Usisimamishe. Fanya baada ya futari chakula kikishatulia, au baada ya tarawehe. Seti punguza kutoka tatu hadi mbili, uzito uache uleule. Protini igawe: samaki au maharage wakati wa futari, mayai na mtindi wakati wa daku. Maji unywe kidogo kidogo usiku kucha, usisubiri kugugumia lita nzima dakika tano kabla ya adhana.