Mama kafika mpaka dirishani kagoma kuchanjwa Uviko, naombeni ushauri (uzi wa 2021)

Mkulima wa Parachichi: Wakuu habari za jumapili. Mimi niko Mbeya mjini, mama yuko kijijini huko Tukuyu, ana miaka 63 na sukari ya siku nyingi. Si unajua hii chanjo ya Johnson wametangulizwa wa miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa sugu, basi jana nikapanda koasta nikamfuata nimpeleke. Kavaa kitenge kipya, tumefika vizuri, nesi akampa ile fomu ya ridhaa, bimkubwa akaisoma yote na miwani yake ya kufunga na uzi akairudisha, "kama haina madhara saini yangu ya nini?" Tukarudi nyumbani. Naongea nae vipi?

Boda wa Kabwe: Mama ana akili huyo, muache. Nyungu ipo, unajifukiza na mchaichai na mkaratusi, mbona tulipona wote

Viazi Gunia: Tulipona wote wapi? Mwezi wa pili tu hapa Uyole tulikuwa tunazika na kila msiba "changamoto ya upumuaji", tusijitoe ufahamu bana

Nesi Zamu ya Usiku: Hiyo fomu inatutesa kila siku mleta uzi. Mwambie hata upasuaji unasaini, ridhaa maana yake ni hiari. Na usimwambie haina madhara, utampoteza hapo hapo. Mkono utauma, homa na uchovu siku moja mbili, na wachache sana damu imewaganda, Marekani mwezi wa nne waliisimamisha hii hii Johnson siku kama 10 wakachunguza wakaendelea nayo. Ila kwa mtu wa sukari Uviko yenyewe ndo ya kuogopa. Afu ni sindano moja tu, hapandi koasta mara mbili.

Mkulima wa Parachichi: Asante dada. Kuna hili nalo, anasema mwezi wa kwanza hayati Magufuli alisimama Chato akasema chanjo hazifai, Julai 28 Rais Mama Samia kachanjwa laivu kwenye tv, "serikali ni ile ile, nimuamini yupi?" Nikakosa jibu

Mwalimu Mstaafu: Hapo ndipo penyewe kijana. Mama hagombani na sindano, anataka aambiwe kimebadilika nini, na sisi tumeona tu dozi milioni moja na ushee zimeshuka Dar tukaambiwa haya mikono. Usijitie msemaji wa serikali. Mimi mke wangu aligoma hivo hivo, nikamwambia hata mimi sijui ila natangulia, nikachanjwa. Wiki nzima ananiangalia kama mgonjwa, usiku mmoja nashtuka ananibandika sarafu ya mia mbili begani aone kama kuna sumaku kama wanavyozusha mitandaoni, ikadondoka ikaingia uvunguni. Jumatatu akasema haya twende. Wewe umeshachanjwa?

Mkulima wa Parachichi: Dah. Bado mwalimu, nilijua wazee kwanza

Boda wa Kabwe: 😂😂😂 nilijua tu