Kampuni za kuhosti tovuti: mtatuuzia "asilimia 99.9" isiyokuwepo hadi lini?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimehama kampuni ya kuhosti, yaani inayoweka tovuti yangu kwenye seva zake, tena, na hii mpya imeanza yale yale yaliyonikimbiza kule nilikotoka. Tovuti ya biashara inalala mchana kweupe, wateja wananipigia kuuliza kama nimefunga, halafu huduma kwa wateja wananijibu: "Kwetu inafunguka vizuri, tafadhali futa kashe ya kivinjari chako." Kashe, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari kimejiwekea, gani? Watu walio kwenye mitandao tofauti wanaona kosa namba 503, yaani seva yenyewe inakiri kwamba haiwezi kuhudumia, na mimi naambiwa nifute kashe!

Tuiangalie hiyo 99.9 wanayoiandika kwa herufi kubwa, yaani ahadi kwamba tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Kwa mwezi wa siku 30, inaruhusu tovuti isiwe hewani kwa dakika 43 hivi. Hizo ningevumilia. Yangu ilizimaliza ndani ya alasiri moja. Nikadai fidia, nikaelekezwa kwenye masharti: matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi, hitilafu za nje ya mtandao wao hazihesabiwi, na vipimo vinavyokubalika ni vya kwao wenyewe. Ukivuka vikwazo vyote hivyo, unapewa salio la kulipia mwezi ujao. Mteja anayekimbia huduma mbovu unamfidia kwa kumwongezea huduma hiyo hiyo?

Halafu kuna vifurushi vya "bila kikomo". Soma maandishi madogo: idadi ya faili ina kikomo, muda wa prosesa una kikomo, kumbukumbu ina kikomo. Ni kama kupangisha chumba kimoja kwa familia kumi na kila moja kuiambia nafasi ni tele. Skripti ya jirani, yaani mteja mwingine mliowekwa naye kwenye seva moja, ikila prosesa, wote mnakwama. Jirani akituma barua taka, anwani ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni) mnayotumia pamoja inaingizwa kwenye orodha nyeusi, na ankara zako zinatupwa kwenye folda ya taka za wateja. Hili la barua pepe limeniumiza kuliko yote. Tovuti ikilala utajua haraka, lakini ankara ambayo haikusomwa utaijua siku mteja anapokulaumu kwamba hukumtumia kitu.

Watu wanasema hama. Nihamie wapi? Majina mengi tunayolinganisha yana mmiliki mmoja nyuma yake. Agosti 2013 kituo cha data cha Provo, Utah, kilipopata hitilafu, Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost zilizimika pamoja, kwa sababu zote zilikuwa chini ya Endurance International Group. Aliyekuwa ametoka moja kwenda nyingine kati ya hizo alikuwa amebadilishiwa nembo tu.

Na ukishaamua kuondoka, wanakukamata kwenye domeini, yaani jina la tovuti yako. Mwanzoni walikupa "bure" pamoja na kifurushi, kumbe iko mikononi mwao. Kwa domeini kama .com, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zinamtaka msajili (kampuni iliyokusajilia jina) akupe msimbo wa siri wa kuihamishia kwingine ndani ya siku 5 tangu uuombe. Kampuni yangu ya zamani ilinizungusha kupita muda huo: mara tuma kitambulisho, mara fungua tiketi nyingine, mara "idara husika inashughulikia". Wakati huo huo ankara ya mwaka mpya ilifika bila kuchelewa hata saa moja, na bei si ile ya ofa ya mwanzo. Huu ni utekaji, na nauita hivyo bila kupepesa macho.

Nakala rudufu nazo ni hadithi. Wanasema wanazichukua kila siku, lakini ziko wapi? Machi 2021 moto ulipoteketeza jengo la kampuni ya kuhosti ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, wapo wateja waliopoteza tovuti pamoja na nakala zake. Nimewauliza hawa wapya kama nakala zangu zinakaa jengo lingine. Tiketi imefungwa, imeandikwa "imetatuliwa", na jibu halimo.

Kwa sasa domeini nimeiweka kwa msajili asiyehusika na kuhosti, napakua faili na kanzidata mwenyewe kila wiki, na TTL ya DNS, yaani muda ambao mitandao mingine hukumbuka domeini yangu inaelekea seva ipi, nimeishusha hadi sekunde 300 ili siku ya kuondoka nisisubiri sana. Barua pepe naitoa kwao pia. Muda niliolipia ukiisha, naondoka.

Mliokaa na kampuni moja muda mrefu, nipeni yafuatayo: jina lake, aina ya kifurushi, na walikuambia nini siku seva ilipokufa. Mambo ya rangi za paneli na wingi wa nafasi ya diski hayanisaidii. Nataka kujua kama walikiri tatizo kabla hujawaandikia. Na wale wanaokuja na viungo vya kupata kamisheni, uzi huu si wenu.