Kwa nini akina mama wa bonde la Rufiji hurudi mashambani baada ya mafuriko?

Mama Kikundi: Ndugu wanajukwaa, baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti, kaya nyingi zilitakiwa kuhamia sehemu za juu. Kikundi chetu kinaandaa maoni ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na kila mara lawama huwaangukia wanawake, kwamba hawasikii na wanarudi bondeni. Naomba mnieleze ni vikwazo gani hasa vinavyowakabili, tukiacha neno la jumla la umaskini, ambalo halitusaidii kudai chochote.

Mzaliwa wa Utete: Dada, wanarudi kwa sababu chakula kiko huko. Maji yanayoharibu mpunga ndiyo hayohayo yanayoacha tope lenye rutuba, na yakishashuka hulimwa mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, cha mahindi na kunde zinazokua kwa unyevu uliobaki ardhini. Anayekosa wiki hizo chache amekosa msimu. Zamani wazee wetu waliishi mashambani, ndani ya madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, hadi Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipowapeleka kwenye vijiji vya ujamaa. Shamba na nyumba vikatengana, na anayehangaika kati yake kwa miguu na mtumbwi ni mama, ambaye anatakiwa kulinda mazao dhidi ya nguruwe na tumbili, kisha jioni awe amerejea kwa watoto wanaosoma. Ukimhamisha mbali zaidi bila kumpa shamba, umemwongezea safari tu.

Msaidizi wa Sheria: Nakubali, ila tusiishie kwenye kilimo. Viwanja vya kuhamia mara nyingi huandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, na hapo mke wa pili, mjane na aliyeachika hubaki kwa hisani ya shemeji au kaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Daini hati za hakimiliki ya kimila zenye majina ya wanandoa wote, na mjane aandikwe kwa jina lake. Hili halihitaji mfadhili.

Mama Kikundi: Nashukuru sana. Na tahadhari je? Kwetu tangazo lilitolewa, lakini waliokuwa mashambani hawakulisikia.

Mkazi wa Kibiti: Tangu Bwawa la Julius Nyerere, lililoko huko juu kwenye mto Rufiji, lianze kujazwa Desemba 2022, maji yanayotufikia hutegemea pia namna yanavyofunguliwa, kwa hiyo ujuzi wa bibi zetu wa kuusoma mto, ambao mimi binafsi bado nauheshimu, hautoshi peke yake. Tangazo humfikia mwenyekiti, kipaza sauti cha msikiti na simu ya baba, wakati mama yuko shambani, ng'ambo ya mto. Pendekezeni kila kitongoji kichague wanawake wenye simu miongoni mwa wanaolima huko, wapigiwe moja kwa moja, na mitumbwi ya dharura ifungwe upande wa mashamba badala ya upande wa kijiji.