Tupeane uzoefu: lini ulitambua kwamba kudharau si kubeza?

Assalaam alaykum. Ningependa tukusanye hapa visa vyetu wenyewe juu ya neno dharau, kwa kuwa siku hizi naona linabebeshwa kila kitu, hata pale ambapo wazee wetu wangesema kubeza.

Naanza mimi. Mwaka nilioanza kupokea mshahara tulikuwa tukiishi mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, na kila alasiri muuza kahawa alipita mbele ya baraza yetu akigonganisha vikombe. Siku moja alinikaribisha, nami nikambetulia mdomo na kusema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo nayo kazi?" Bibi yangu, mzaliwa wa Chake Chake, alikuwa nyuma ya pazia akipeta mchele. Aliuweka ungo chini, akaniita. "Mjukuu wangu, yule umemdharau au umembeza?" Nilijibu kwamba ni mamoja. Akanieleza kuwa dharau hukaa moyoni, na mtu huweza kuificha hata akazikwa nayo, lakini kubeza hutoka kwa mdomo au kwa uso na kumfika mwenyewe mbele za watu. Mimi nilikuwa nimefanya yote mawili, na hilo la pili ndilo lililonipasa kumwendea yule mzee kumtaka radhi. Nilikwenda kabla ya magharibi.

Tuangalie pia maandishi. "Ana dharau" hutaja tabia, kwani hapo dharau ni nomino, ilhali "anadharau" ni kitenzi na hutaja tendo. Masikioni ni sauti moja, lakini kumwandikia mtu la kwanza ni kumhukumu maisha yake yote.

Kutoka Wete: Kwetu dharau si lazima iwe na ubaya. Nilipokuwa mdogo nilikatwa na gamba la chaza wakati wa maji kupwa, nikaufunga mguu kwa kitambaa na kunyamaza kimya siku tatu, mpaka ukavimba nisiweze kuvaa kiatu. Baba aliniambia, "Umelidharau jeraha," akanikumbusha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na tende hiyo si tunda, ni ule ugonjwa wa kuvimba miguu. Sikulichukia jeraha wala sikulicheka. Nililiona dogo tu. Hapo kubeza kusingefaa kabisa.

Kutoka Jambiani: Mama yangu ni miongoni mwa wanawake walioingia katika kilimo cha mwani kilipokuwa bado kigeni katika pwani yetu. Alipokuwa akirudi na gunia kichwani, nguo zikimchuruzika maji ya chumvi, wanaume waliokaa kivulini walimwuliza kama anakwenda kulisha ng'ombe majani ya bahari. Nilikuwa nikiamini kwamba walimdharau. Yeye hakubali hata leo: anasema walimbeza, lakini hawakumdharau, kwa sababu hao hao ndio waliomjia usiku, mmoja mmoja, kumkopa fedha za unga.